Kurudisha renki ya tenisi baada ya kuumia: kalenda ndo dawa ya pili

Hapa Unguja stori za barzani ni mpira wa miguu asubuhi na jioni, tenisi ni ya viwanja vya hoteli za Nungwi na Kiwengwa na vijana wachache walioanza kwa kuokota mipira mpaka wakajifunza wenyewe, lakini wapo wanaofatilia na wapo wanaotaka kuifanya kazi, na suali ninaloulizwa kila mara ni moja: mchezaji kaumia, kakaa nje miezi saba minane, renki imeporomoka, sasa anaanzia wapi?

Watu wengi hujibu "anaanzia mazoezini". Sawa, lakini mazoezi hayaleti pointi. Mie nasema akishapona anaanzia kwenye kalenda, na kalenda yenyewe haianzi kwenye mashindano makubwa yatakayomkubali, inaanzia kwenye mambo mawili: mwili unaweza mechi ngapi kwa wiki, na pointi zake za zamani zinakufa tarehe ngapi. Ukiyaweka hayo mezani mengine yote yanajipanga. Huu ni mwongozo kwa mchezaji, kocha, au mzazi unaelipia tiketi, na tiketi kutoka Zanzibar si za bei ya urojo.

Hatua ya kwanza: jua renki unayoiona kwenye simu ni ya lini

Renki za ATP kwa wanaume na WTA kwa wanawake, vyombo vinavyosimamia tenisi ya kulipwa, zinahesabu wiki 52 zilizopita. Pointi ulizopata wiki fulani zinakaa mwaka mmoja kisha zinaondoka, uwe umecheza au umelala hospitali. Kwa hiyo mtu alieumia haporomoki siku moja, anaporomoka kidogo kidogo kila Jumatatu, na kibaya zaidi anaendelea kuporomoka hata akisharudi uwanjani.

Tuchukue kijana wa mfano, wa kubuni. Ana pointi 96. Mwezi wa pili alichukua ubingwa wa M25 akapata 25, mwezi wa nne ubingwa wa M15 akapata 15 (haya ni mashindano ya ngazi za chini kabisa za wanaume), mwezi wa sita M15 nyengine 15, mwezi wa saba M25 tena 25, na 16 zilizobaki ni vijipointi vya robo fainali na nusu fainali huku na kule. Mwisho wa mwezi wa tisa bega linakatika. Anarudi mwezi wa nne mwaka unaofata. Siku anayorudi, zile 25 za mwezi wa pili zishaondoka, zile 15 za mwezi wa nne zinaondoka wiki hio hio, vijipointi tuseme vimebaki nusu, yaani 8. Akifungua simu anaona 48 na anajipa moyo kwamba bado yumo. Hayumo. Kati ya hizo 48, 40 zinakufa mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo hesabu yake ya kweli ni 8 na ana kama wiki kumi na mbili hivi za kuziba pengo kabla hajashuka pale ambapo hata mashindano madogo atayaingia kwa tabu.

Sasa chukua daftari la skuli, chora safu nne: wiki, mashindano, pointi zinazokufa wiki hio, pointi unazotaraji kihalali. Kihalali, si kwa ndoto. Mtu alietoka kwenye operesheni ya bega usimuandikie ubingwa wiki ya kwanza, muandikie raundi ya pili. Jaza mwaka mzima, wiki 52, na zile wiki zenye pointi kubwa zinazokufa zizungushie kalamu nyekundu kwa sababu hizo ndo zitakuamulia kila kitu huko mbele.

Kuna habari njema moja watu huisahau. Kwenye renki hayahesabiwi mashindano yote uliyocheza, yanachukuliwa matokeo bora tu mpaka idadi fulani. Mchezaji alie mzima ana nafasi zake zote zimejaa, akipata pointi 2 kwenye mashindano madogo ya Monastir, Tunisia, haziongezi kitu. Wewe uliekaa nje nafasi zako ni tupu, kila pointi inaingia moja kwa moja. Kwa hiyo usione haya kucheza mashindano madogo, kwako wewe yana faida kuliko kwa yule alie namba 300. Na kwa wanawake kama pointi zote zimeisha kabisa, jina linarudi kwenye orodha ya WTA ukipata pointi kwenye mashindano matatu au ukifikisha pointi 10, basi lengo la mwanzo kwa dada alieanza upya ni hilo tu, asijitie presha nyengine.

Hatua ya pili: omba renki iliyolindwa, na uombe mapema

Hii ndo sehemu watu wanapoteza haki zao kwa kutojua. Kwa wanaume, ukiumia na usicheze popote kwa angalau miezi sita, unaweza kuomba ATP wakulinde. Wanachukua wastani wa renki yako ya miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuumia, na namba hio unaruhusiwa kuitumia kuingilia mashindano ukirudi. Ukikaa nje kuanzia miezi sita mpaka chini ya mwaka unapewa mashindano 9 au miezi 9, kinachoisha mwanzo. Ukikaa mwaka au zaidi ni 12 au miezi 12. Maombi yanatakiwa yafike ndani ya miezi sita tangu mashindano yako ya mwisho, ndo nasema usingoje upone. Hifadhi ripoti ya MRI, tarehe ya operesheni, barua ya daktari, zote zipigwe picha ziwekwe kwenye simu na kwenye imeili, maana karatasi zetu na unyevu wa hapa kisiwani unazijua mwenyewe.

WTA nao wana yao, wanaiita renki maalum, mashindano 8 kwa aliekaa nje chini ya mwaka na 12 kwa aliepita mwaka, na inawahusu pia kina mama waliojifungua.

Lakini elewa inachofanya na isichofanya. Inakufungulia mlango tu. Haikupi pointi hata moja, na kwa ATP haikufanyi uwe miongoni mwa wale wanaotenganishwa kwenye droo ili wasikutane mapema, kwa hiyo unaweza kuingia ukapangiwa kigogo raundi ya kwanza na hakuna wa kumlalamikia. Serena Williams alirudi kutoka uzazi mwaka 2018, French Open hawakumtenganisha na vigogo kabisa, Wimbledon wakamueka namba 25 ilhali renki yake ilikuwa 183, na kelele za mwaka ule zilisaidia WTA kubadilisha kanuni.

Na hili ndo khasa: kwa ATP, mashindano unayoingia kwa kadi ya mwaliko au kwa renki yako ya sasa hayahesabiwi kwenye zile 9. Basi kama M15 unaingia kwa renki yako mbovu mbovu, ingia nayo hio hio. Ile iliyolindwa iweke kama maji ya tangi wakati mabomba yamekauka, usioshee vyombo.

Itumie wapi? Pale ambapo ushindi wa mechi moja unalipa zaidi ya wiki nzima ya mashindano madogo, na mwili ushakuwa tayari. Mmarekani Sloane Stephens alifanyiwa operesheni ya mguu mwanzoni mwa 2017, renki yake ikashuka mpaka 957, akarudi katikati ya mwaka, mechi zake za mwanzo alipoteza, kisha akafika nusu fainali Toronto na nusu fainali Cincinnati wiki mbili mfululizo, na mwezi wa tisa akabeba US Open akiwa namba 83. Kwa renki ya 957 hata mlango wa mchujo, zile mechi za kufuzu kabla ya droo kuu, wa mashindano yale asingeuona. Lakini Stephens ni Stephens, alikuwa mchezaji wa juu kabla ya kuumia. Kijana wetu wa mfano renki yake iliyolindwa ni ya mia nne na kitu, itamuingiza droo kuu za M25 na mchujo wa Challenger ndogo, ngazi inayofata juu ya M25, basi, asijione US Open.

Hatua ya tatu: panda ngazi kwa hesabu

Ngazi yenyewe ni rahisi kuikumbuka kwa sababu namba ya jina ndo pointi za bingwa. M15 bingwa anapata 15, M25 anapata 25, Challenger zipo za 50, 75, 100, 125 na 175, halafu ATP 250, 500, 1000, na Grand Slam, yale manne makubwa kama Wimbledon na US Open, 2000. Kwa wanawake W15, W35, W50, W75, W100 kisha WTA zenyewe. Chini kabisa raundi ya mwanzo hupati kitu, wakati alieingia droo kuu ya Grand Slam upande wa wanaume akipigwa raundi ya kwanza anaondoka na pointi 10, zaidi ya 8 anazopata alieshindwa fainali ya M15 baada ya wiki nzima huko chini. Ndo maana watu wanachanganyikiwa, wanaona bora nikafungwe juu kuliko nishinde chini.

Mie siungi mkono, kwa mtu aliekaa nje. Miezi minane hujapigania pointi ngumu ya 30-40 na mtu anakuangalia. Mwili umepona lakini jicho halijarudi, uamuzi haujarudi, ile ya kujua sasa nisevu, yaani nianzishe mpira, upande gani haijarudi. Hivi vinarudi kwa kucheza mechi nyingi, na mechi nyingi unazipata pale unaposhinda. Ukifungwa raundi ya kwanza wiki nne mfululizo umecheza mechi nne kwa mwezi, umelipia ndege nne. Andy Murray, bingwa wa Wimbledon mara mbili, baada ya operesheni ya pili ya nyonga mwaka 2019 wakati wenzake wapo New York kwenye US Open yeye aliacha kucheza singo, ya mmoja kwa mmoja, kule akaenda Challenger ya Manacor, Uhispania. Mtu mwenye jina lile! Mwezi wa kumi mwaka huo huo akachukua ubingwa wa Antwerp. Juan Martín del Potro wa Argentina nae mkono ulimtesa, mwanzo wa 2016 alikuwa chini ya namba 1,000, akajaza mwaka wake taratibu na akafunga mwaka akiwa namba 38, na medali ya fedha ya Rio mfukoni.

Kanuni ninayoitumia mie: kaa ngazi moja mpaka uwe unafika robo fainali bila kushangaa, ndo upande. Ukipanda na ukafungwa mara mbili tatu raundi ya kwanza, shuka tena wiki moja, si aibu, ni kupata mechi.

Hatua ya nne: safari za mkupuo

Kwa anaetoka Zanzibar kusafiri wiki moja moja ni kujiua. Tafuta sehemu yenye mashindano ya mfululizo ukae wiki tatu. Monastir kule Tunisia ndo maarufu zaidi, karibu kila wiki ya mwaka pana M15 na W15, hoteli na viwanja viko pamoja, unaamka unatembea kwa miguu mpaka kotini. Sharm El Sheikh Misri na Antalya Uturuki nako hivyo hivyo. Uzuri wa mfululizo ni kwamba ukifungwa Jumanne hujapoteza safari, unapumzika, unafanya mazoezi na waliofungwa wenzako, Jumatatu unaanza tena.

Lakini tatu ndo mwisho. Wiki ya nne urudi nyumbani hata kama unashinda, khasa ukiwa unashinda, kwa sababu anaefika fainali mara mbili ndani ya wiki tatu kacheza mechi kumi na zaidi na mwili wake bado unajifunza. Wengi wanaumia tena wakati huu, si wakati wa kurudi mwanzo. Wiki mbili za mwanzo za kurudi mie ningeziacha ziwe mashindano mawili tu kisha wiki nzima ya kupumzika na kuangaliwa na fizio.

Na kabla ya kukata tiketi ya mwanzo kabisa mchezaji apimwe hapa hapa: seti tatu za ushindani siku mbili mfululizo, saa nne asubuhi, si jioni kwenye upepo mzuri. Kama siku ya tatu bega linauma wakati wa kuchana nywele, hakuna safari.

Karibu na hapa usiisahau Afrika Mashariki. Kenya huwa na mashindano ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, Nairobi, na Kigali wana Challenger tangu 2024, na Rwanda na Kenya hatuhitaji viza. Shida yake ni kimo. Sisi tunacheza usawa wa bahari, hewa nzito, mpira umejaa unyevu unakwenda kwa uvivu. Nairobi ipo karibu mita 1,800 juu, Kigali zaidi ya mita 1,500, mpira unaruka na ile fohendi yako ya hapa Maisara mjini iliyokuwa inaanguka ndani ya mstari kule inatua kwenye uzio. Nenda siku nne tano kabla, na pumzi nayo itakuuliza maswali. Tena Kigali ni udongo. Mtu wa goti au kifundo cha mguu afikirie, udongo ni laini kwa kishindo lakini kule kuteleza kunavuta nyonga na paja. Kwa vyovyote usibadilishe aina ya uwanja kila wiki, mkupuo mmoja uwanja wa aina moja.

Hatua ya tano: dedlaini

Hapa ndo wanapokwama walio peke yao bila meneja. Mashindano ya ITF unajiandikisha kwa akaunti yako ya IPIN, namba yako ya mchezaji ya ITF, na mwisho wa kujiandikisha ni Alkhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano. Mwisho wa kujitoa bila matatizo ni Jumanne, siku 13 kabla. Ukijitoa baada ya hapo inaweza kukuletea faini. Wiki moja unaweza kuandika mpaka mashindano sita kwa mpangilio wa unachokitaka zaidi, basi andika yote sita, halafu Jumanne ile amua.

Grand Slam orodha inafungwa kama wiki sita kabla. Maana yake nini? Renki inayokuingiza ni ile ya siku ya kufunga orodha, sio ya wiki unayocheza. Rudi kwenye daftari letu: kijana ana pointi 25 zinazokufa katikati ya mwezi wa saba. Mashindano ya mwisho wa mwezi wa saba orodha yake inafungwa kabla hazijafa, kwa hiyo anaingia kwa renki nzuri bado! Lazima ajiandikishe mapema kwenye mashindano mazuri ya wiki zile mbili tatu zinazofata baada ya pointi kuondoka, kwa sababu mlango huo ukifungwa haufunguki tena mpaka ashinde upya. Watu wanaojua kupanga kalenda wanaishi kwenye mwanya huu.

Kwa wale wa juu kidogo, droo kuu ya singo ya Grand Slam ni watu 128, 104 wanaingia kwa renki, 16 wanatoka mchujo, 8 kadi za mwaliko. Lengo la mwaka la mtu wa namba 300 ni kuingia mchujo wa Grand Slam, huko kwenye mchujo tu pesa ya raundi ya kwanza inalipia miezi ya safari za chini.

Dabozi, ya wawili wawili, icheze, ina renki yake na inarudisha mkono wa kucheza karibu na neti na pesa kidogo, lakini mwenye bega bovu asicheze singo na dabozi siku moja kwa miezi miwili ya mwanzo.

Mambo ya dawa

Hili halipo kwenye kalenda ila linaweza kuifuta kalenda yote. Sindano za stiroidi za kupunguza uvimbe, zile wanazochoma kwenye bega na goti, tangu mwanzo wa 2022 ni marufuku wakati wa mashindano, njia zote za sindano. Tramadol nayo marufuku wakati wa mashindano tangu mwanzo wa 2024, na hii watu wanapewa baada ya operesheni. Kwa hiyo dawa yoyote uliyoandikiwa iwe na tarehe, uwe na barua, na kama inahitajika uombe kibali cha matibabu kinachoitwa TUE kabla ya kucheza. Mwambie daktari wazi kwamba wewe unapimwa, usingoje akuulize.

Ramadhani na mvua

Miongozo ya wenzetu wa nje haina sehemu hii. Kwa anaefunga, Ramadhani iandike kwenye daftari kabla ya mashindano yoyote. Ushauri wangu ni kuufanya mwezi huo kuwa wa gimu jioni baada ya futari na mazoezi mepesi, uunganishe na wiki za kupumzika ambazo mwili unazidai hata hivyo, kisha mkupuo wa Monastir uanze wiki mbili baada ya Idi sio siku ya tatu. Anaeamua kucheza akiwa safarini na hukmu ya msafiri anaijua mwenyewe na sheikh wake. Masika nayo, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, viwanja vyetu vya wazi vinalala maji siku nyingi, kwa hiyo usipange kwamba utajiandaa nyumbani mwezi wa nne kwa safari ya mwezi wa tano. Ama ondoka kabla, ama tafuta mtu Dar akupe kiwanja, boti ni mwendo wa saa mbili.

Kila baada ya mkupuo mmoja kaa na kocha mfungue daftari. Angalia mambo matatu tu: mechi ngapi zimechezwa, maumivu yalikuwa siku gani, na zile nafasi za renki iliyolindwa zimebaki ngapi. Zikibaki tatu na renki ya kawaida bado haijasogea, simamisha kuzitumia, rudi M15 ukashinde mechi, na hizo tatu uziweke kwa mkupuo wa mwisho kabla miezi 9 haijaisha. Tarehe ya kuisha iandike ukutani, kwa sababu ATP hawatakupigia simu kukukumbusha.